Mayai ya Mungu

Kiota cha kuku kina harufu yake: majani makavu ya migomba, manyoya yenye joto, vumbi la mahindi na ukali kidogo wa samadi. Mpaka leo nikipita karibu na banda la kuku wa mtu, hata kama nimevaa nguo za kanisani, shingo yangu hugeuka yenyewe kutazama ndani kuna mayai mangapi. Nyumbani kwetu kulikuwa juu ya mji wa Meru, mahali ambapo mashamba ya chai yanakutana na msitu na ukungu unakaa mpaka saa nne asubuhi. Banda letu la mbao lilikuwa nyuma ya jiko. Ndani yake walikuwamo kuku kumi na kitu wa Mama, na wawili wa Mungu, mmoja mweusi na mwingine wa madoadoa. Hao wawili walitengwa siku Baba alipowaombea wakiwa bado vifaranga, na tangu hapo yai lao halikuliwa na mtu wala kuuzwa sokoni. Yote yaliwekwa kwenye kikapu juu ya gunia la mahindi stoo, na Jumapili yakapelekwa kanisani, yakanadiwa nje baada ya ibada pamoja na ndizi na miwa ya watu wengine. Ukiniuliza, kuku wale walijijua. Walitembea uani kama wake wa wazee wa kanisa.

Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi na mzee wa kanisa, na katika mambo hayo mawili aliamini jambo moja, kwamba mtoto hufundishwa mapema au hafundishwi kamwe. Uhuru ulikuwa bado mpya, watu walikuwa wanapewa vyeo kila siku, na Baba alisema nchi hii inataka viongozi wanaomcha Mungu, na kwamba hao hawataletwa na meli kutoka ng'ambo. Kwa hiyo akatuwekea zamu. Kila wiki mtoto mmoja alikuwa kiongozi wa nyumba. Kiongozi aliamka wa kwanza, akawasha moto, akapakua chakula na kula wa mwisho. Kiongozi ndiye aliyeokota mayai ya Mungu na kuyatunza. Na saa kumi na mbili jioni, kabla ya chakula, kiongozi ndiye aliyeongoza ibada, akimwita kila mmoja kwa jina na kumwuliza, "Una neno?" Ukiwa na shukrani ulitoa, ukiwa na ombi ulisema, ukiwa na dhambi uliungama mbele ya wote, jinsi watu wazima walivyofanya kwenye mikutano yao ya kiroho. Hata Baba mwenyewe aliitwa, akajibu kama mtoto. Yote haya yalifanywa kwa Kiswahili, si Kimeru, kwa sababu Baba alisema kiongozi wa kesho atasema na Kenya nzima. Kiswahili chetu kilichechemea lakini kilifika.

Tulikuwa wanne. Kaka yangu mkubwa Murithi alikuwa na miaka kumi na mitatu, mimi Kendi nilikuwa na kumi, na mdogo wetu Koome alikuwa hajajua kusoma, basi alisamehewa zamu. Wa nne alikuwa Wawira, mtoto wa dada yake Mama. Mama aliolewa Meru akitoka Siakago, huko chini kwenye joto na vumbi, ambako mvua ilikuwa imekosa misimu miwili mfululizo. Dada yake alimleta Wawira Januari ile akiwa na debe la ndengu na kibuyu kidogo cha asali, akasema mtoto ana akili ya vitabu na shule ya kwao iko mbali, tafadhali akae amalize darasa la saba. Wawira alinizidi mwaka mmoja. Alimwita Mama "Tata", kama wanavyomwita dada ya mama kwao, na Baba kwake alikuwa "Mwalimu" hata mezani. Baridi ilimwonea, alilala na sweta mbili. Darasani alinipita hesabu mwezi wa kwanza tu, na mimi, nisifiche, sikumpenda kwa hilo.

Tena mimi nilizaliwa na shaka. Mama alisema ningehesabu hata meno ya mtu akicheka. Wengine wakipakuliwa chakula walitazama sahani zao, mimi nilitazama za wenzangu. Hata amri ile nzuri ya kiongozi kula mwisho niliitilia wasiwasi, kwa sababu anayekula mwisho anakula peke yake jikoni na sufuria, na nani anajua kilichobaki chini ya kifuniko? Nilimchungulia Murithi wiki yake yote na sikumpata na kitu, nikaamua tu kwamba ni mjanja. Kwa hiyo zamu yangu ya kwanza ilipofika niliingia kazini kama askari. Niliogopa Murithi angebadilisha mayai yangu makubwa kwa madogo ili wiki yake ionekane bora kuliko yangu. Kila yai la Mungu nililookota nilichora msalaba mdogo kwa mkaa upande wa chini, nikalilaza kikapuni kwa namna ambayo alama isionekane. Sikumwambia mtu.

Mpaka Alhamisi jioni nilikuwa na mayai saba. Ijumaa nilipotoka shule nikakuta manne. Nilihesabu tena, nikainua kikapu, nikapapasa nyuma ya gunia, nikachungulia kama kuna tundu la panya au alama ya nyoka. Hakukuwa na ganda, hakukuwa na ute. Mtu alikuwa ameingia stoo na kuchukua mayai matatu ya Mungu katika wiki ya kwanza ya maisha yangu ya uongozi. Nisipoyapata, Jumapili ningesimama mbele ya kanisa na kikapu chepesi, na Baba angejua kwamba kati ya watoto wake mmoja hafai.

Jioni ile kwenye ibada nilisema tu kwamba mayai ya Mungu yamepungua. Idadi niliificha makusudi. Hila hiyo nilijifunza kwa Mama, ambaye sukari ikipotea hakusema ni kiasi gani, akangoja mwenye kuijua ajitaje. Mama alishika shavu. Murithi alitazama chini. Baba alisema kwa upole, "Kiongozi, ni kazi yako. Angalia utafanya nini." Nilidhani ananipa mamlaka. Nilimtazama Wawira, naye alikuwa anatazama mikono yake, na papo hapo nikajua, au nikadhani nimejua, maana kwangu mambo hayo mawili yalikuwa kitu kimoja. Murithi alikuwa kaka yangu. Koome hakufikia kikapu. Aliyebaki ni yule aliyekuja na debe la ndengu.

Ninachosimulia sasa sikisemi kwa fahari. Jumamosi nzima nilimwandama. Nilimtuma mtoni mara tatu, kisha nikamfuata nyuma ya mibuni nione atapumzika wapi na atachimbua nini. Nilipekua majivu ya jiko nikitafuta maganda. Alipokuwa anafua nilifungua kitambaa alichofungia nguo zake, nikakuta gauni, daftari, na mfuko wa ndengu alizokuwa ameziweka, sijui za nini. Nilimshika mikono nikainusa. Alikubali inuswe. Aliniuliza tu, "Inanuka nini?" Nikamwambia, "Inanuka sabuni. Kwa nini umenawa na sabuni?" Hapo ndipo alipoanza kulia, na kulia kwake nako nikakuandika kwenye hesabu zangu kama ushahidi. Nilimwambia asipoungama jioni nitamwita kwa jina mara tatu mbele ya Baba, na kanisa zima litajua kesho. Nilikuwa na uwezo huo, na niliufurahia.

Jioni tuliimba, Murithi akasoma, nikaanza kuwaita. Koome alishukuru kwa viazi. Murithi alisema hana neno. Nikamwita Wawira, nikatulia ili ajue nina muda wa kutosha. Akasimama, akafunga mikono mbele kama alivyowaona watu wazima wakifanya.

"Ni mimi nilichukua mayai ya Mungu," akasema. "Nilichukua mawili. Nilikula mbichi huko mtoni. Naomba Mungu anisamehe, na Tata, na Mwalimu, na Kendi kiongozi."

Mama alijifunika uso kwa leso. Alisema jambo kwa Kimbeere, lugha aliyoitumia alipoumia sana, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyevuliwa nguo sokoni. Kwa upande wangu nilijisikia mrefu. Nilimgeukia Baba afunge kwa maombi, nikafumba macho nusu, maana hata maombini sikupenda kuyafumba kabisa. Baba alichelewa kuanza. Kisha akasema, "Bwana, umsamehe mtoto huyu kwa mayai matatu ya kwako." Akaendelea na maneno mengine. Sikuyasikia. Macho yangu yalikuwa yamefumbuka wazi, yanaangalia paji lake la uso.

Wawira alisema mawili. Baba alisema matatu. Na mimi sikumtajia mtu idadi, hata Mama, hata Koome ambaye nilimwambia kila kitu. Nilitafuta njia ya kumtetea Baba. Labda aliingia stoo akahesabu. Lakini hata kama alihesabu aliyobaki, angejuaje yalikuwa mangapi kabla? Asubuhi ya Jumapili nilikuwa nimekaa sebuleni napiga viatu vya Baba rangi, na mkoba wake wa ngozi wa shule ulikuwa umening'inia kwenye msumari mahali pake, mkoba ambao hakuna mtoto aliyethubutu kuugusa. Mama alikuwa jikoni. Mikono yangu ilikuwa imejaa rangi nyeusi, na bado nakumbuka nilivyoifuta kwenye sketi kwanza ili nisiache alama. Ndani, chini ya madaftari ya watoto wa darasa la tano, kulikuwa na karatasi zilizokunjwa taratibu. Nilifungua. Mayai matatu, na kila moja, nilipoligeuza, lilikuwa na msalaba wangu.

Baba aliingia akifunga vifungo vya shati. Tulitazamana. Nilingoja anipige, na nadhani ingekuwa rahisi zaidi.

"Ilikuwa mtihani," akasema kwa sauti ya chini. "Nilitaka kuona kiongozi atafanya nini akipotelewa na kitu alichokabidhiwa. Murithi pia nilimwondolea mawili kwenye wiki yake. Alijaza. Sijui aliyatoa wapi, lakini alijaza, na hakusumbua mtu."

Aliyatoa kwa kuku wa Mama, mahali pengine ni wapi? Hata katika hofu ile nilitambua kwamba Murithi alikuwa amefaulu kwa kuiba. Lakini sikusema hilo. Niliuliza, "Na Wawira?"

Alikaa kitini, akavaa kiatu kimoja. "Huyo sikumtarajia," akasema. "Sikujua mtoto anaweza kusema hivyo kwa kitu hakufanya."

"Utasema, Baba?"

"Nitasema. Wewe usiseme. Ni mimi nitasema." Akachukua mayai, akaenda nayo stoo mwenyewe.

Nilimwamini kwa muda wa kama dakika kumi. Kisha Mama aliingia stoo kuchukua kikapu akakuta kimejaa, akaelewa jambo tofauti kabisa. Alidhani Baba amenunua mayai kwa jirani alfajiri ili kuifunika aibu ya mtoto wa dada yake. Alitoka akasimama mbele ya Baba mlangoni, machozi yamemlengalenga, akasema, "Asante, Baba Murithi. Asante kwa kunisitiri." Nilikuwa hapo, nimeshika brashi ya viatu. Nilimtazama Baba. Hapa ndipo, nikawaza, atasema hapa. Baba alimgusa Mama bega akasema wachelewe kidogo ukungu upungue, barabara ina matope.

Kanisani mayai yangu yalinadiwa vizuri na watu wakanisifu. Mzee mmoja aliniwekea mkono kichwani akasema huyu ni wa baba yake kweli. Mahubiri yote niliyapitisha nikiusoma mgongo wa Baba kwenye benchi la wazee. Kila aliposogea nilidhani anasimama. Alisimama mara moja, kutangaza mkutano wa akina mama.

Jioni ya Jumapili ilikuwa ibada ya kukabidhi zamu. Kabla hatujaanza, Mama alitangaza kwamba Wawira atarudi Siakago Jumanne. Alisema hawezi kulea katika nyumba ya mzee wa kanisa mtoto anayeiba vitu vya madhabahu, na kabla watu hawajalisikia ni afadhali arudi kwa mama yake. Baba alisema, "Si lazima tufike huko." Mama akasema, "Ni damu yangu. Ni lazima." Wawira alikuwa darasa la sita, na sote tulijua kwao ni mbuzi ndio waliokuwa wanamngoja, si darasa.

Kwa hiyo nikasimama kuongoza ibada yangu ya mwisho wiki ile, na nikaona jinsi zamu ilivyopangwa vizuri. Kiongozi humwita kila mtu. Kiongozi humwita hata Baba. Nilimwacha wa mwisho. Wengine wote walisema hawana neno, hata Wawira.

"Baba," nikasema. "Una neno?"

Alinitazama. Naapa aliniomba kwa macho, lakini mpaka leo sijui aliomba nini, nimwokoe au nimsukume. "Sina," akasema.

Nilikuwa na ruhusa ya kuuliza mara ya pili. Nilikuwa na ruhusa ya kusema langu mwenyewe, kwa sababu kiongozi naye ana neno. Nilimtazama Mama alivyoinama, nikamtazama Wawira na sweta zake mbili, nikafikiri jinsi nyumba itakavyokuwa dakika moja baada ya mimi kusema. Nikasema, "Tuombe." Niliomba maombi marefu na mazuri. Baadaye Mama aliniambia nimekua.

Jumanne tulimsindikiza mpaka barabarani, mimi na Mama. Nilibeba mzigo wake, ule ule niliokuwa nimeupekua. Mama alimpa mawaidha njia nzima, kwa ukali na kwa upendo, akimwambia Mungu husamehe na hata yeye atasamehe, mradi asirudie. Wawira aliitikia, "Ndiyo, Tata," kila mahali palipohitaji. Gari lilipoonekana kwenye kona nilifungua mdomo, nakumbuka hewa baridi ilivyoingia, na Mama akasema haraka, mpe mzigo. Nikampa mzigo.

Zamu ziliendelea. Baba hakujaribu tena mtihani ule, na mayai ya Mungu hayakupotea kamwe. Mama hakumtembelea dada yake kwa miaka mingi, aliona haya, na mtu mwenye haya hupata sababu nyingi za kutosafiri. Wawira alipoolewa Mama alituma sufuria kubwa na blanketi lakini yeye hakwenda. Kila mwaka nilimngoja Baba. Nilipokwenda sekondari nilingoja, nilipotoka chuo cha ualimu nilingoja, na polepole nikaacha kumshuku peke yake, nikaanza kujishuku na mimi. Nilijiambia si siri yangu, ni yake. Nilijiambia Mama ana presha. Sababu zangu zote zilikuwa za mtu mwenye adabu njema, na ndiyo maana siziamini.

Sasa mimi ni mwalimu mkuu, na nimekuwa mzee wa kanisa kama Baba. Watu hunialika kufundisha wazazi jinsi ya kulea watoto wawe viongozi katika nyumba ya Kikristo. Nina karatasi zangu, nazisema vizuri, nawatajia zamu zetu za wiki na kula mwisho, na akina mama huandika. Habari ya mtihani siitaji. Kwangu mwenyewe sikuweka zamu yoyote, na watoto wangu wamekua wakibishana juu ya nani aoshe vyombo kama watu wasio na serikali. Mume wangu hudhani nimechoka na kazi ya shule. Ukweli ni kwamba sitaki mtoto asimame jioni aniulize kama nina neno. Baba bado yuko hai, amepita miaka themanini, amekaa kwenye nyumba ile ile juu ya mji, anasikia kwa sikio moja. Hakuna anayekumbuka zamu zile vizuri kama yeye. Wajukuu wakija huwasimulia, nami nikikaa pembeni hunikwepa macho.

Miaka miwili iliyopita nilialikwa Siakago kuwafundisha walimu wa watoto wa kanisa moja huko. Nilikubali upesi kuliko kawaida yangu. Baada ya kipindi, mwenyeji wangu alinipeleka sokoni ninunue ndengu za kwenda nazo nyumbani, na niseme tu kwamba nilijua ninakopelekwa, kwa sababu nilikuwa nimeuliza. Wawira alikuwa amekaa nyuma ya magunia matatu, amenenepa kidogo, miwani imetundikwa kwa kamba shingoni. Alinitambua kabla sijasema. Alicheka kwanza. Tulisalimiana kwa mikono miwili, akaniuliza habari za Mwalimu, nikamwambia yupo. Kisha, kwa kuwa nilijua nisipoisema hapo sitaisema popote, nikamwambia yote nikiwa nimesimama kati ya magunia: mkoba, misalaba ya mkaa, mtihani, "Sina" ya Baba na "Tuombe" yangu. Nilimwomba msamaha kwa Kiswahili kile kile cha ibada zetu.

"Achana na hiyo, Kendi," akasema. "Mimi nilikuwa nataka kwenda nyumbani. Kwenu kulikuwa baridi sana, na wewe ulikuwa unaninusa mikono. Nikaona nikisema nimeiba watanirudisha haraka. Si walinirudisha?"

Aliendelea kupima ndengu, kikombe baada ya kikombe, akiongeza kidogo juu kama wanavyofanya kwa mteja wa nyumbani. Nilimtazama usoni kama nilivyomtazama utotoni. Inawezekana ni kweli. Mtoto wa miaka kumi na mmoja aliyekumbuka kwao anaweza kufanya hivyo. Inawezekana pia kwamba huyu mwanamke alikuwa ananipa kitu cha kwenda nacho, kama zile ndengu za juu. Nilijaribu kufurahi. Nilitoa pesa, akakataa, nikasisitiza, akakataa. Alifunga mfuko kwa uzi, akauvuta fundo mara mbili, na bila kuinua macho akauliza jambo moja tu.

"Na Tata? Alikuja kujua si mimi?"

Mama alikuwa amefariki miaka sita kabla ya siku ile. Baada ya Jumanne ile ya ukungu aliishi miaka thelathini na mitano zaidi. Tulikunywa naye chai, tukachuma naye maharagwe, nikamwuguza mwaka mzima wa mwisho, nikimwosha na kumgeuza kitandani, na mara mbili akiwa mgonjwa alimtaja Wawira, akisema kwamba kwa maombi yake yote hakupata kujua mtoto yule alikosa nini hata akaiba.

"Hapana," nikamwambia Wawira.

Alitikisa kichwa taratibu, akaninyooshea mfuko, akageuka kumhudumia mteja mwingine.